Ncha ya Gamba la Perege

Samaki huyo nilimkuta Iringa, mezani pa mama mmoja muuza kazi za mikono, katikati ya vikapu vya milulu na miiko ya mninga. Alikuwa perege wa mti, urefu wake kama futi moja, ameunguzwa kwa moto mpaka mgongo ukawa na rangi ya asali iliyokolea, na rangi hiyo ikafifia kadiri inavyoshuka tumboni. Nilimshika, kidole gumba kikapita ubavuni kutoka mkiani kwenda kichwani, na kikakwaruzwa. Nikakirudisha kutoka kichwani kwenda mkiani, kikateleza. Ndivyo alivyo perege wa kweli. Kila aliyewahi kupaa samaki anajua kwamba kisu huanzia mkiani.

Nikamtazama kwa karibu. Magamba ya katikati ya ubavu yalikuwa makubwa, yanayofuata yakipungua kidogokidogo, na yale ya kwenye shina la mkia yalikuwa madogo kama punje za mtama. Hakukuwa na mahali ambapo jicho lingeweza kusema hapa ndipo ukubwa umebadilika. Kila gamba lilikuwa na ukingo mkali upande wa ndani, na nyuma yake kivuli kilichofifia taratibu, kana kwamba kweli limemlalia mwenzake.

Mama yule aliona nimemng'ang'ania samaki. "Huyo ametoka Mbeya," akasema. "Mzee anayemchonga hanunui kalamu za moto. Anazitengeneza mwenyewe, kila ukubwa wa gamba na kalamu yake." Nikamwomba anielekeze. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi: Mafinga na malori yake ya mbao, Makambako na upepo wake, Igawa, Chimala, kisha mlima hadi Uyole.

Karakana ya mzee iko Mwanjelwa, si mbali na soko la SIDO, mahali ambapo nyundo hazinyamazi tangu jua linapochomoza. Huyu anakunja mabati ya majiko, yule anachomelea mageti, wa tatu anakata mapipa. Kibanda cha mzee ndicho kimya kuliko vyote. Ndani kuna meza moja nzito, jiliwa lililofungwa ukingoni, kipande cha ekseli ya lori kilichogeuzwa kuwa fuawe, jiko la mkaa, na rafu yenye makopo ya maziwa yaliyojaa nyaya. Ilikuwa Julai, na Mbeya ya Julai haina masihara. Jiko lile lilitupasha moto sote, mzee, mgeni na kijana mmoja anayejifunza kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kiti, ila usikae upande wa dirisha, utanizibia mwanga."

Nilitegemea kumkuta na gogo na patasi. Nilimkuta na samaki mbichi. Perege alikuwa kwenye sahani ya bati, na mzee, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, alikuwa akimng'oa gamba mojamoja kwa kibanio. Kila gamba alilisuuza kwenye kikombe cha maji, akalibana kati ya kurasa za gazeti, na pembeni akaandika kwa penseli lilikotoka: karibu na shavu, katikati ya ubavu, chini ya pezi la mgongo, shina la mkia. Yakishakauka huyabandika kwenye daftari la shule. Analo daftari la perege, la kambale halipo kwa sababu kambale hana magamba, na analo la mbasa ambalo nitalizungumzia baadaye. Nilifungua la perege. Magamba yalikuwa yamepangwa kwa safu, yamekuwa magumu na angavu kama vipande vya kucha, na chini ya kila moja kulikuwa na tarakimu mbili.

Tarakimu mbili hizo zina kisa. Alipoanza, mzee alipima gamba zima, akatengeneza ncha ya ukubwa huo, akamchoma samaki wake wa kwanza. Akatoka mnyama aliyevikwa vigae vya nyumba. Alikaa na kosa hilo wiki kadhaa asijue liko wapi, mpaka siku moja alipong'oa gamba polepole na kuona kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa imezama ndani ya ngozi na kufunikwa na wenzake. Gamba likiwa mwilini halionekani lote. Linaloonekana ni ukingo wake wa nyuma tu. Tangu siku hiyo huandika vipimo viwili, cha gamba zima na cha sehemu inayochungulia, na ncha huitengeneza kwa kipimo cha pili. Kwa perege wa futi moja, gamba la ubavuni lenye upana wa karibu sentimita nzima huchungulia kwa milimita 5 au 6. Kwenye shina la mkia ni 3, hata 2. Kwa hiyo perege mmoja anahitaji ncha tano. Siku ile alikuwa anatengeneza ya milimita 5, kwa sababu ya zamani ilikuwa imelika.

Kazi inaanzia kwenye makopo ya nyaya. Nyaya hizo anazinunua kwa wauza vyuma chakavu: hita za oveni za mikate zilizokufa, majiko ya umeme yaliyokatika. Si kila waya wa hita unafaa. Alichukua sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio, akaipitisha juu ya rundo. Nyaya zilizonasa aliziweka kando. Hizo, akanieleza, ni za chuma kilichochanganywa na kromiamu na alumini. Zinastahimili moto sana, lakini zikishapikwa kwa muda huwa kavu, na ukizikunja zinakatika kama tambi mbichi. Zilizokataa sumaku ndizo alizozitaka. Hizo ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, kwa kawaida asilimia 80 kwa 20. Nikromu huyeyuka kwenye nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi, joto ambalo mti hautawahi kulidai. Ikiwaka, kromiamu yake hujitengenezea utando mwembamba unaouzuia waya usiliwe na hewa. Tena inauzuia umeme zaidi ya mara 60 kuliko shaba, na kule kuuzuia ndiko kunakozaa joto.

Nikeli si ngeni katika nyanda hizi. Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma la angani lililolala huko Mbozi, mkoani Songwe, kina nikeli ya asilimia 8 hivi ndani ya chuma chake. Na Wanyiha wa huko huko Mbozi walikuwa wayeyushaji na wafua chuma, kama majirani zao Wafipa waliojenga tanuru ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivuo, kisha wakakisafisha chuma chao kwenye tanuru ndogo ya pili. Wakinga wa milima ya Livingstone walisifika kwa majembe. Fundi wa Mwanjelwa aliyeketi mbele ya jiko na koleo mkononi ana ukoo mrefu katika nchi hii, hata kama malighafi yake inatoka kwenye oveni ya mwokaji.

Alikata waya wenye unene wa milimita moja na robo hivi, urefu wa kidole. Akaunyoosha kwa kuubingirisha kati ya vibao viwili, kwa maana ukiunyoosha kwa plaizi unaachiwa alama za meno, na alama ya meno ni mahali ambapo ncha itakuja kukatikia. Kisha akauweka kwenye mkaa mpaka ukawa na rangi ya chungwa, akautoa na kuulaza juu ya tofali upoe wenyewe. Nilidhani atauzima majini. Akatikisa kichwa. Chuma cha springi ya gari ukikizima majini kinakuwa kigumu, lakini nikromu haina habari na maji. Ugumu wake unatoka kwenye nyundo. Ukiipiga inakaza, ukiipasha moto inalegea, na fundi lazima ajue muda wote waya wake uko wapi kati ya hali hizo mbili.

Akaanza kuipiga sehemu ya katikati juu ya ekseli. Nyundo yake ni ndogo, uso wake umeng'arishwa kama kioo, kwa sababu kovu lolote la nyundo huhamia kwenye waya. Mapigo yalikuwa mepesi na ya sauti moja. Baada ya kila mapigo kumi alisimama, akaushika waya kwa vidole, akaukunja kidogo sana na kuuachia. Aliposikia unajirudi kwa ukaidi, aliurudisha motoni. Mara tatu alifanya hivyo. Waya wa mviringo ukageuka utepe wenye upana wa milimita 2, unene wake kama wa kadi ya simu, na ncha zake mbili zikabaki za mviringo ili ziwe miguu.

Utepe huo aliuzungusha kwenye msumari uliobanwa katika jiliwa. Ana kopo zima la misumari, kila mmoja ameupaka rangi kichwani kulingana na gamba lake. Msumari wa gamba la milimita 5 si wa milimita 5. Ni mwembamba kidogo, kwa kuwa utepe ukiuachia hujifungua. Hujifungua kwa kiasi gani, hakuna jedwali linalokwambia, kwa sababu kila waya na tabia yake. Alizungusha nusu duara, akaachia, akapima kwa kalipa, akarudisha, akabana tena. Mara ya tatu alama ya kalipa ikakaa panapotakiwa. Mkononi mwake sasa kulikuwa na kitu kama kibakuli kisicho na kitako, ukuta mdogo uliopinda, na miguu miwili iliyosimama.

Kinachofuata ndicho nilichosafiri kukiona, na kilichukua saa mbili na nusu.

Ukuta ule ulihitaji makali upande wa chini, utakaogusa mti. Makali yanaweza kuchongwa upande wa ndani wa mpindo au upande wa nje, na nilipouliza kama kuna tofauti, mzee aliniangalia juu ya miwani. Akachukua ncha mbili kuukuu, akazipasha, akazigandamiza kwenye kibao. Ya kwanza, yenye mshazari upande wa ndani, iliacha shimo dogo kama kovu la ndui, gamba limebonyea katikati. Ya pili, yenye mshazari nje, iliacha ukingo wima upande wa gamba, na nyuma yake mteremko mfupi uliofifia kuelekea mkiani. Hapo gamba likainuka juu ya lile la nyuma yake. Mti ule ulikuwa karibu bapa kama mwanzo, ni jicho lililodanganywa na mteremko usiofika hata milimita moja.

Basi akachonga mshazari wa nje. Kwanza alipaka ukingo wino wa kalamu ya buluu. Tupa ya kwanza ilikuwa ya pembetatu, ya kutoa kilicho kingi. Alisukuma kwenda mbele tu, akainua, akarudi hewani, akasukuma tena, na kila sukumo likizunguka mpindo wote, kutoka mguu mmoja hadi wa pili, bila kusita katikati. Ukisita, unapata bapa, na bapa ile itajitokeza kwenye kila gamba mpaka siku utakapoitupa ncha. Wino ulipobaki kama uzi mwembamba ukingoni, alibadilisha. Tupa ya pili ni nyembamba kama njiti ya kiberiti, na aliyemwachia alikuwa fundi saa. Kwa tupa hii hakufanya mikuno mingi. Alikuwa anakuna mara moja, anafuta kwa kitambaa, anaielekeza ncha dirishani, anaangalia. Nilijifunza kuangalia naye. Makali butu yana mstari wa mwanga juu yake, mwembamba kama unyoya, na palipo na mwanga huo ndipo tupa inaporudi. Makali yakitimia hayang'ai. Hayaonekani kabisa.

Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, yamelala mashoka ya mawe yaliyofukuliwa mwaka 1957 na 1958, ya watu wa kale mno, kila moja limepigwa pande mbili mpaka kingo zikakutana. Nilikuwa nimeyaona siku moja kabla ya safari. Nikimtazama mzee akiigeuza ncha yake mwangani, nilikumbuka jinsi mashoka yale yalivyo sawa pande zote, kupita kiasi ambacho mnyama wa kuchinjwa angekidai.

Ncha kali mno haifai. Hukata nyuzi za mti badala ya kuziunguza, na hukwama. Kwa hiyo, baada ya kuhangaika kutafuta makali, mzee aliyapunguza. Msasa namba 400, kisha 800, kisha 1,500, ukiwa umezungushwa kwenye kijiti cha mwanzi. Mwisho ukanda wa ngozi ya mshipi wa zamani, uliopakwa jivu lililochekechwa kwa kitambaa na kulowekwa kwa tone la mafuta. Akapitisha ncha kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikateleza bila kukwaruza. "Sasa," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aliposhika tupa.

Mng'aro huo nilidhani ni wa mapambo. Kijana ndiye aliyenieleza, kwa fahari ya mtu aliyewahi kukosea. Uso ukiwa na mikwaruzo, masizi ya mti hushika kwenye mikwaruzo ile. Masizi yakishika, joto halifiki vizuri, gamba linatoka na rangi mbili. Ukiuona uso wa ncha umefifia, unazima umeme, unaufuta kwenye ngozi, ndipo unaendelea. Siku za mwanzo alifuta kwa kisu, na ncha aliyoiharibu ilikuwa kazi ya siku nzima ya mzee. Nilimwuliza mzee alimfanya nini. "Nilimpa waya," akajibu, "akatengeneza nyingine. Ilimchukua siku tisa." Kijana akacheka, akainama kuchochea mkaa.

Sehemu za umeme nitazipitia haraka. Miguu ya ncha huingia kwenye konekta mbili za shaba nyeupe zenye skrubu, aina ileile ya kuungia nyaya ndani ya nyumba, zikiwa zimetolewa plastiki yake. Mpini ni mwanzi, kwa sababu uwazi wake hupitisha hewa na mkono haupati joto. Nyaya nene zinakwenda kwenye transfoma iliyosukwa upya hapo hapo SIDO. Ukutani umeme ni volti 230. Unaofika kwenye ncha hauzidi volti 2, lakini mkondo wake unapita ampea 20, na ndio unaoifanya nikromu ipate moto ndani ya sekunde chache na kubaki hapo hapo. Swichi ina hatua nne. Mzee hutumia mbili za chini. Ncha inayowaka nyekundu, anasema, ni ya mtu mwenye haraka.

Kabla ya umeme alikuwa na spoku za baiskeli. Bado anazo, zimechomekwa kwenye kopo la mchanga, kila moja imefuliwa kichwani kuwa ncha, kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Alinionyesha tofauti. Spoku ilitoka kwenye mkaa ikiwa nyekundu, gamba la kwanza likawa jeusi, la tatu la kahawia, la sita halikuonekana. Ndiyo maana nakshi za zamani kwenye vibuyu na miiko zina mistari mifupi. Fundi alichora kwa kadiri chuma kilivyomruhusu, akapanga urembo wake ufuate kupoa kwa chuma. Baba yake mzee alichoma vibuyu namna hiyo, na mzee hamdharau hata kidogo. Alisema baba yake alijua kuhesabu joto kwa pumzi, kitu ambacho yeye, akiwa na swichi, hakulazimika kujifunza.

Ncha mpya haikwenda kwa samaki moja kwa moja. Ilikwenda kwenye kibao cha mti uleule, uliokauka kwa muda uleule. Mti wenyewe ni jakaranda, hii iliyopandwa kandokando ya barabara za mji, na upepo ukiangusha mmoja mzee hupata habari kabla ya jirani. Mninga anauheshimu, lakini ni mwekundu, alama ya moto hupotea ndani yake. Paina ipo kwa wingi na bei yake ni ya chini, kwa kuwa Sao Hill, shamba la Serikali la miti lililo kubwa kuliko yote nchini, liko Mufindi tu hapo. Lakini pete za paina ni laini kwa ngumu, laini kwa ngumu, kwa hiyo ncha huzama hapa na kugoma pale, na utomvu wake huganda kwenye chuma. Jakaranda ni nyeupe, tulivu, na hupokea moto kwa usawa, ilimradi iwe kavu. Ikiwa na unyevu, hutoa mvuke na kingo za gamba hufura.

Aligandamiza mara moja. Akaangalia kwa lenzi. Upande mmoja wa ukingo ulikuwa umeiva zaidi ya mwingine. Akazima, akasubiri ncha ipoe, akairudisha kwenye tupa ya fundi saa, akakuna mara mbili. Ngozi. Umeme. Kibao. Bado. Nilihesabu majaribio saba. La saba sikuona kasoro, lakini yeye aliona. La nane aliligeuza kibao kuelekea dirishani, akamkabidhi kijana. Kijana akapitisha kidole, akatikisa kichwa kukubali, na ncha ikawekwa kwenye sanduku la mbao penye tundu lenye tarakimu 5.

Perege aliyekuwa akisubiri alikuwa amekwisha kuchongwa na kupigwa msasa, mweupe mtupu, na mwili wake umechorwa gridi ya mistari ya mshazari kwa penseli. Mzee hakuanza na magamba. Alianza na mstari wa ubavuni, ule mfululizo wa vitundu ambao samaki hutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Hapo nikaona jambo ambalo miaka yote ya kula perege sikuwahi kuliona. Mstari huo kwa perege hauendi moja kwa moja. Unaanzia nyuma ya shavu, unapita juu ya ubavu, na kabla ya kufika mkiani unakatika. Safu kadhaa chini yake unaanza mwingine, unaokwenda katikati ya shina la mkia hadi mwisho. Sato na jamaa zao wengi wako hivyo, pamoja na mamia ya aina za samaki wadogo wa rangirangi wa Ziwa Nyasa. Nilimwomba mzee yule samaki wa sahanini, nikamfuata kwa kidole. Mistari miwili, kweli.

Kisha ncha ya 5. Mkono wa kulia ulishika mwanzi, kidole kidogo kikaegemea mti. Akagusa, akahesabu kimoyomoyo, akainua. Gamba. Akasogea nusu ya upana, akagusa. Gamba. Moshi wake ulikuwa uzi mmoja, na harufu yake tamu kidogo. Kila alipomaliza safu alipumzisha mkono juu ya goti. Alipokaribia mkia alibadilisha ncha, lakini hakubadilisha kwenye mstari mmoja. Aliacha magamba ya 5 yaingie katikati ya yale ya 4, hapa mawili, pale moja, hadi mpaka wenyewe ukapotea. Ndiyo sababu jicho langu kule Iringa halikuupata. Ubavu mmoja nilihesabu magamba 400 na ushee, na ulimchukua siku nzima ya kesho yake. Miiba ya mapezi aliiacha kwa ncha nyingine iliyonyooka kama kisu, na ile mitatu migumu ya pezi la chini aliikoleza, kwa sababu ndiyo inayomchoma mpishi.

"Mzee, nikamalizie upande wa pili?" kijana aliuliza jioni.

"Kesho, mwanangu. Jicho limechoka, na moto haujui kwamba jicho limechoka."

Daftari la mbasa nilionyeshwa tukinywa chai. Mzee ni mtu wa Kyela, alikulia karibu na Ziwa Nyasa, na mbasa ndiye samaki wa utotoni mwake: mrefu, mweupe kama fedha, anayepanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Siku hizi wamepungua, na shirika la uhifadhi la IUCN limemweka miongoni mwa samaki walio hatarini. Jina lake la kisayansi, Opsaridium microlepis, limebeba neno la magamba madogo, na kweli ni madogo. Katika daftari yalikuwa kama vumbi la kioo. Ncha ya milimita moja na nusu mzee ameshaijaribu mara nyingi. Utepe wa nikromu ukiwa mwembamba kiasi hicho hupinda kwenye msumari na kupasuka, au huwaka kupita kiasi kwa kuwa umeme wote umebanwa mahali pembamba. Alifungua makaratasi akanionyesha ncha zilizoharibika. Zilikuwa 14, kila moja imefungwa kwa uzi na kuandikwa ilipopasukia. Ya kumi na tano ilikuwa kwenye jiliwa.

Ukipita Iringa au Mbeya ukakuta perege wa mti mezani, mgeuze ubavu kabla ya kuuliza bei, ukautafute mstari wa pembeni. Ukiukuta mmoja, mrefu, kutoka shavuni hadi mkiani, aliyemchonga alimkumbuka samaki tu. Wa mzee wa Mwanjelwa wana miwili.